Zimwi Lililokwenda Kunywa Chai

Mwenye kukohoa akohoe sasa, na mwenye mtoto wa kulia ambembeleze kabisa, maana mimi nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya. Palikuwa na nchi ya wanyama, jina lake silitaji, wenyewe bado wapo na wana maneno. Mwaka huo mvua iligoma. Masika ikapita kavu, vuli ikapita kavu, mito ikageuka njia za vumbi, na Kiboko, ambaye maisha yake yote alizoea kuonekana masikio na pua tu, akaonekana mpaka visigino. Aibu tupu.

Ikabaki chemchemi moja chini ya jabali. Wanyama wakawa wanapanga foleni pale tangu alfajiri, wanagombana kidogo, wanasengenyana kidogo, kisha wanateka na kwenda zao. Hakuna aliyeshiba maji, lakini hakuna aliyekufa.

Halafu zimwi likatokea.

Wa kwanza kuliona alikuwa Kanga. Alikwenda na mtungi, akarudi bila mtungi, bila pumzi, na bila manyoya ya mkia. "Lina pembe!" akalia. "Lina jicho moja kubwa kama sinia! Limevaa giza mwili mzima!" Wenye ubishi wakaenda kuhakikisha. Nao wakarudi mbio, wamehakikisha. Usiku ndiyo kabisa hakuna aliyethubutu. Wakasema, ikiwa mchana linatisha hivyo, usiku je?

Fisi alikuwa Waziri wa Maji. Jioni ile akapanda juu ya kichuguu kuwatuliza watu.

"Ndugu wananchi," akasema, "serikali inalifahamu tatizo hili. Serikali inalifanyia kazi."

"Kazi gani?" akauliza Sungura, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Kazi kubwa," akajibu Fisi. "Nimejitoa mhanga nikaenda kuzungumza na zimwi ana kwa ana. Limekubali niteke maji niwaletee. Ila linataka sadaka."

Wakatoa sadaka. Zimwi likataka asali, wakapeleka asali. Likataka karanga, wakapeleka karanga. Likataka mayai, na Kanga akatoa mayai yake huku analia. Kila mara Fisi alibeba gunia mwenyewe, akapotea nyuma ya jabali, akarudi anajifuta mdomo. "Zimwi linasema ahsanteni," alikuwa akisema, na kuacha kila nyumba kata moja ya maji yenye matope. Tumbo lake likawa linamtangulia njiani. Watoto wake wakaonekana wanaoga, tena kwa kumwagiana.

Siku moja akapanda tena kichuguu, uso ameukunja kama mtu wa msibani.

"Ndugu wananchi, zimwi limechoka na vitafunio. Sasa linataka mmoja wetu, tena mzee. Linasema nyama ya mzee imekolea. Kura imepigwa, imemwangukia Bi Tunu, mama yake Sungura. Ijumaa nitamfikisha."

"Kura imepigwa wapi?" akauliza Sungura.

"Ofisini."

"Nani aliiona?"

"Ofisi iliiona."

Sungura akacheka, kwa kuwa alizoea kucheka. Akatazama huku na huku, hakuna aliyecheka naye. Wote wanatazama chini, na nyuso zao zinasema afadhali mama yako kuliko mama yangu. Hapo ndipo alipoacha kucheka. Mama alikuwa naye mmoja tu. Ndiye aliyemzaa, ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kula karanga za watu bila kukamatwa.

Akarudi nyumbani akamweleza. Bi Tunu alikuwa ameketi kwenye mkeka, midomo imemkauka kwa kiu.

"Nimekolea?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Mimi! Na mifupa hii! Mwambie huyo Fisi, zimwi likitaka nyama iliyokolea lianze na mama yake, tena ana mafuta." Kisha akageukia ukutani, akanyamaza. Sungura akajua mama yake anaogopa, maana hajawahi kumwona ananyamaza kabla hajamaliza kutukana. Roho ikamuuma sana.

Asubuhi akajikaza, akabeba kibuyu, akaenda kujificha kwenye kichaka cha miiba karibu na chemchemi. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kumwona huyo anayetaka kumla mama yake.

Mara akasikia vishindo, kisha akasikia mtu anapiga miayo. Zimwi likaja. Kweli lina pembe, kweli lina jicho moja, kweli limevaa giza. Likatazama jua lilipofika, likasafisha koo, likageukia njiani na kunguruma hadi majani yakapukutika. Likakaa kidogo. Likajikuna. Likanguruma tena, safari hii bila moyo. Jua lilipopanda kiasi, likatazama kulia, likatazama kushoto, likavua koti.

Ndiyo, koti! Lile giza lilikuwa koti refu la manyoya meusi, na pembe zilishonewa kwenye kofia yake. Likakivika koti hilo kisiki kilichoelekea njiani, likalirekebisha mabega vizuri, likachukua chupa ya chai na kifurushi cha viazi vilivyolala, na kwenda zake kwenye kivuli nyuma ya jabali. Bila koti lilikuwa zimwi bado, refu kama mnazi, lenye meno ya kutosha. Lakini fulana yake ilikuwa imetoboka kwapani.

Sungura akabaki mdomo wazi. Akatambaa hadi kwenye kisiki, akaligusa koti. Vifungo vyake vilikuwa vya shaba, vyenye sura ya Simba Mfalme, kama vile vya matarishi wa ikulu.

"Lo!" akajisemea. "Koti liko kazini, mwenyewe kaenda chai. Hili si zimwi la porini. Huyu ni mtumishi wa serikali!"

Akajaza kibuyu chake haraka. Wakati anaondoka akamwona Kanga anachungulia kwa mbali na mtungi mpya. Kanga akaliona koti, akapiga yowe, akatimua mbio.

"Dada Kanga, rudi! Ni koti tu!"

"Mwongo mkubwa!" akajibu Kanga bila kusimama. "Si wewe uliyeniambia mayai yakichemshwa yanatotoa haraka?"

Sungura akajaribu kumweleza Pundamilia, akajaribu kumweleza Ngiri. Wote wakamwambia hayo hayo kwa maneno mengine. Jamani, uongo una raha yake, lakini siku ukiwa na la kweli hakuna anayekupa sikio.

Akampelekea mama yake maji. Bi Tunu akayanywa yote kwanza, akafuta midomo, ndipo akaanza kugomba.

"Umeyatoa wapi?"

"Chemchemini, mama. Zimwi lilikuwa linakunywa chai."

"Ulimpigia hodi?"

"Mama, ni zimwi."

"Nimekuuliza, ulimpigia hodi? Ulimwamkia?"

"Nimwamkie zimwi?"

"Kwani zimwi halina umri? Mkubwa ni mkubwa, hata awe na jicho moja. Mimi sikukuzaa uje uingie kwa watu, uchote vyao, utoke bila salamu. Umeniaibisha! Nikiliwa Ijumaa niliwe, lakini isisemwe kwamba mtoto wa Tunu hana adabu. Kesho ukamwamkie."

Sungura akaangua kicheko. Katikati ya kicheko akanyamaza. Sikio moja likasimama, kisha la pili.

Kesho yake hakujificha. Alikwenda moja kwa moja. Zimwi likiwa na koti lake likamrukia njiani.

"GRRRAAA! NITAKUTAFUNA WEWE NA..."

"Shikamoo, mzee!" akasema Sungura, ameinamisha kichwa.

"...Marahaba, mwanangu," likajibu Zimwi. "Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Mama hajambo huko nyumbani?"

"Hajambo, mzee. Shida ndogo ndogo tu."

"Aa, tutafanyaje, ndiyo dunia." Kisha jicho likamtoka. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Sikusema kitu," akanong'ona kupitia vidoleni.

"Umesema, mzee. Umeniuliza hali ya mama."

"Ni siri ya serikali hiyo! Nimeapa nisizungumze na raia hata neno moja. Wakijua watanirudisha msituni nikakae na baba mkwe, na wewe humjui baba mkwe wangu. Lakini shikamoo, mwanangu... shikamoo inaachwaje ikaning'inia hewani? Marehemu bibi yangu angefufuka kunichapa."

"Nani aliyekuapisha, mzee?"

Zimwi akatikisa kichwa. Sungura alipofungua mdomo kuuliza la pili, Zimwi akatia vidole masikioni na kunguruma mfululizo, jicho juu, asije akasikia swali jingine. Sungura akamwacha. Njia nzima akawa anawaza. Huyu hawezi kuacha kuitikia salamu. Je, akisimama mbele ya mtu aliyemzidi umri, tena asiyesema neno, anayesubiri tu kuamkiwa, ataweza kuacha kuamkia?

Akapitia ikulu. Simba Mfalme alikuwa juu ya mwamba wake anachanuliwa nywele, na Fisi yuko pembeni anamsifu.

"Ee Mfalme," akasema Sungura, "huko mitaani watu wana maneno."

"Maneno gani?"

"Ulimi wangu hauwezi kuyatamka."

"Tamka!"

"Wanasema sadaka inapelekwa kichinichini kwa sababu Mfalme anaogopa kuliona zimwi."

Simba akasimama, chanuo limening'inia nyweleni. "MIMI? Mimi naogopa? Ijumaa nitakuwa pale pale, mbele ya wote! Na kila mwenye miguu aje anione nisivyoogopa!"

Fisi akameza mate. Kisha akatabasamu, na Sungura akalisoma tabasamu lile neno kwa neno: zimwi litanguruma, watakimbia wote na Mfalme wao, nami nitabaki peke yangu na gunia. Sungura akaaga, akaenda zake anawaza. Mpango wake ukikosea, mama ndiye atakayelipia.

Ijumaa wanyama wakajaa chemchemini, kila mmoja amejiweka nyuma ya mwenzake. Fisi akaleta gunia. Bi Tunu akalitazama.

"Sijawahi kusafiri ndani ya gunia, na leo sianzi," akasema. Akajifunga mtandio wake vizuri, akatembea mwenyewe mpaka mbele. Sungura akamfuata nyuma, akanong'ona, "Mama, wewe usiseme kitu. Simama tu umtazame."

"Nimtazame vipi?"

"Kama unavyonitazama mimi nikiingia ndani bila kukuamkia."

"Aa," akasema Bi Tunu. "Hiyo naiweza."

Fisi akapaza sauti, "Ee Zimwi la kutisha, toka upokee sadaka yako!"

Zimwi akatoka na koti lake, pembe juu. "GRRRAAA!" Kanga akapotea chini ya tumbo la Kiboko. Ngiri akakimbia kinyumenyume. Hata Simba akajikuta anageuka kutazama mandhari ya upande wa pili, kana kwamba alikusudia tangu mwanzo. Uwanja mzima ukabaki na Bi Tunu, na Sungura nyuma yake ameshika ncha ya mtandio kama mtoto.

Bi Tunu akashika kiuno. Akabana midomo. Akamtazama Zimwi kuanzia kwenye pembe hadi kwenye kucha, akarudi tena juu, bila haraka.

"GRRRAA!" akanguruma Zimwi.

Bi Tunu akainua nyusi moja.

"Grraa," akasema Zimwi.

Bi Tunu akavuta pumzi puani, ile pumzi ambayo kila aliyezaliwa na mama anaijua.

"Grr..." akasema Zimwi, na sauti ikamfia kooni. Akamtazama Fisi. Fisi akamwashiria kwa kichwa aendelee. Akamtazama Bi Tunu. Akatazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Taratibu akaivua ile kofia ya pembe, akaikumbatia kifuani, akainama mpaka goti likagusa chini.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kanga akachungulia kutoka chini ya Kiboko.

"Marahaba," akajibu Bi Tunu. "Kumbe unajua! Nilidhani hukulelewa. Sasa ndiyo nini kupiga makelele mbele ya watu wazima?"

"Ni kazi tu, mama."

"Kazi ya nani?"

Zimwi akatafuta uongo. Lakini ukiulizwa na mama mzima, umepiga goti, uongo unautoa wapi? "Ya serikali, mama. Niko Idara ya Mambo ya Kutisha, chini ya Waziri Fisi."

Kelele zikalipuka. Bi Tunu akainua mkono, zikazima. "Na asali yangu uliyokula, ilikuwa tamu?"

"Asali ipi, mama?"

"Na karanga?"

"Karanga? Mimi naja na viazi vyangu kutoka nyumbani."

"Na mayai yangu!" akapiga kelele Kanga kutoka chini ya Kiboko.

"Haki ya Mungu sijaona hata ganda. Waziri aliniambia nalinda maji dhidi ya maadui wa nje. Akasema nikiwaona nyinyi mnakuja, si nyinyi, ni maadui wamejigeuza." Akajifuta jicho. "Na siko peke yangu. Yuko jini wa njia panda, yeye anawafukuza wanaokwenda kumlalamikia Mfalme."

Simba akageuka. "Ndiyo maana sipati malalamiko! Nilidhani mnanipenda." Kisha jambo jingine likamchoma zaidi. "Yaani katika serikali yangu yumo anayetisha kuliko mimi, na mimi sijaambiwa?"

Fisi akaanza kurudi nyuma, meno nje. "He he he! Ndugu wananchi, serikali inalifahamu tatizo hili, serikali inalifanyia..."

"Umekula kwa jina langu," akasema Zimwi, na sauti yake haikuwa ile ya kazini. "Na huyu mama, ambaye ni kama mama yangu, ulitaka kumla kwa jina langu?"

Fisi akakata mbuga. Zimwi nyuma. Wakazunguka jabali, vumbi likatimka, na Zimwi akamnyaka kwa nyuma, akabugia. Fisi akalia mpaka sauti ikapasuka, "Ni mimi! Zimwi, ni mimi! Tunajuana! Si tuko ofisi moja? Si mimi niliyekuidhinishia likizo ulipofiwa na bibi?"

Zimwi akasimama, mdomo umejaa. Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu. "Ni kweli," akasema hatimaye, "mazishi nilifika." Akameza kile alichokuwa nacho mdomoni, na kilichobaki akakiachia.

Ndiyo sababu hadi leo Fisi mbele yuko juu na nyuma ameporomoka, na hata akitembea kwenye tambarare utadhani anapanda mlima. Na kile kicheko chake kilikwama palepale. Uwaziri ukaishia hapo.

Zimwi akateka maji kwa kikombe chake cha chai, akampa Bi Tunu kwa mikono miwili. Bi Tunu akanywa mpaka akashiba, na Sungura akalia waziwazi mbele ya watu, kisha akasema ni vumbi. Foleni ikarudi, magomvi yakarudi, masengenyo yakarudi, raha mustarehe. Zimwi akabaki na ajira yake, ila sasa kazi yake ni kusimamia foleni asiruke mtu. Jua likipanda kiasi bado hukivika kisiki koti lake na kwenda kunywa chai. Kanga akipita huliambia koti, "Shikamoo," kwa tahadhari tu.

Na Fisi akianza kuwalalamikia watu jinsi alivyoonewa, eti nusu ya mwili imekwenda, Bi Tunu humtazama ile nusu iliyobaki na kumwambia: "Shukuru, mwanangu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."